Kutafsiri «time» kwa Kihispania: anzia kwenye Kiswahili

Fungua kamusi ya Kiingereza na Kihispania kwenye neno «time», na jibu la kwanza utakaloliona ni *tiempo*. Wanafunzi wengi huishia hapo. Ndiyo maana mtu hufika Madrid, akauliza «¿Qué tiempo es?» akitaka kujua ni saa ngapi, na aliyeulizwa akatazama mawingu, kwa sababu *tiempo* ni hali ya hewa pia. Swali lilipaswa kuwa «¿Qué hora es?»

Kiingereza kimerundika mambo mengi ndani ya neno moja. Kihispania kimeyagawa: *vez, hora, tiempo, rato, plazo, época*. Nasi tumeyagawa: mara, saa, wakati, muda, kitambo, zama. Mipaka ya mgawanyo huo inakaribiana kuliko unavyodhani. Anayetoka kwenye Kiingereza lazima ajifunze upya tofauti ya *vez* na *tiempo*, wakati wewe umeinyonya pamoja na maziwa. Tatizo ni kwamba vitabu vingi vya Kihispania tunavyovipata vimeandikwa kwa Kiingereza, basi tunafundishwa kosa ambalo hatukuwa nalo.

Kanuni ya mwongozo huu ni moja: usiitafsiri «time» moja kwa moja. Igeuze sentensi nzima kwa Kiswahili cha kawaida, kile ambacho ungemwambia mtu wa nyumbani, kisha utazame ni neno gani limejitokeza.

Hatua ya kwanza: jaribu kuhesabu

Kama unaweza kuweka moja, mbili, tatu mbele ya jambo lenyewe, na Kiswahili chake ni «mara», basi neno ni *vez*. Ni la kike (kila nomino ya Kihispania ni ya kike au ya kiume), na wingi wake ni *veces*, kwa kuwa *z* ikifuatwa na *e* huandikwa *c*. Amerika ya Kusini na Meksiko hutamkwa kama «bes». Sehemu kubwa ya Hispania mwisho wake ni ile *th* ya «thelathini».

Mara moja ni *una vez*, mara mbili *dos veces*, mara nyingi *muchas veces*, mara ya kwanza *la primera vez*, mara ya mwisho *la última vez*, safari hii *esta vez*, kila mara *cada vez*. Mara mojamoja ni *de vez en cuando*. Ukiandika *el último tiempo* kwa kumaanisha «mara ya mwisho», msomaji ataelewa «siku za karibuni» au atadhani unazungumzia mpira.

«Mara» ina mitego yake, na hii haimo kwenye vitabu vya Kiingereza:

– «Njoo mara moja» haihesabu kitu. Maana yake ni upesi. Andika *ven enseguida*, au *de inmediato* kama ni barua ya ofisi. *Ven una vez* ni kumwalika mtu aje siku moja, halafu basi.

– «Mara akatokea simba» ni *de repente* au *de pronto*.

– «Tatu mara nne» ni *tres por cuatro*. Kwenye kuzidisha, *veces* haitumiki kwa kawaida. Kwenye kulinganisha inarudi: *tres veces más grande*. Na bei ikipanda mara mbili, Mhispania hutumia kitenzi, *el precio se ha duplicado*.

– «Hapo zamani za kale» haina «mara» ndani yake, lakini Kihispania huanza hadithi kwa *érase una vez* au *había una vez*. Hili ni la kukariri tu.

Penye dawa, kuwa mwangalifu zaidi. «Mbili kutwa mara tatu» ni *dos comprimidos tres veces al día*. Waandishi wengi wa maelekezo hupendelea *cada ocho horas*, ambayo haina utata. Hatari kubwa iko kwenye «mara moja kwa siku». Kiingereza chake ni «once a day», na *once* kwa Kihispania ni kumi na moja. Neno hilohilo, herufi zilezile. Karatasi yenye lugha zote mbili ikiachwa nusu tafsiri, mzee anayesoma Kihispania pekee anaweza kuona vidonge kumi na moja. Andika *1 vez al día*, kwa tarakimu, na uhakikishe hakuna neno la Kiingereza lililobaki kwenye mstari huo.

Hatua ya pili: je, ni saa ya ukutani?

Kama jibu lake ni nambari kwenye saa, neno ni *hora*, la kike, na *h* haitamkwi. *¿Qué hora es?* ni saa ngapi sasa. *¿A qué hora?* ni saa ngapi jambo litafanyika. Usisahau *a* hiyo, wala alama ya kuuliza iliyopinduliwa mwanzoni.

Hapa ndipo msemaji wa Kiswahili hukosea kwa namna yake, kwa sababu tunahesabu saa kuanzia mapambazuko. Fuata mpangilio huu kila unapoandika miadi:

Kwanza, andika saa kwa tarakimu za saa ishirini na nne, kwenye karatasi, usifanye kichwani. Saa tatu asubuhi ni 9:00. Saa tatu usiku ni 21:00.

Pili, chagua kitenzi. Saa moja ya kizungu, yaani saa saba yetu, ni umoja: *es la una*. Nyingine zote ni wingi: *son las dos, son las nueve*.

Tatu, ongeza dakika. Hapa kuna raha kidogo, kwa maana Kihispania cha Hispania kimejengwa kama chetu: «na robo» ni *y cuarto*, «na nusu» ni *y media*, «kasorobo» ni *menos cuarto*. Huna haja ya kufikiri upya. Meksiko na nchi nyingine za Amerika husema *cuarto para las nueve* badala ya *las nueve menos cuarto*.

Nne, taja sehemu ya siku: *de la mañana, de la tarde, de la noche*, na *de la madrugada* kwa zile saa za usiku wa manane hadi alfajiri.

| Kiswahili | Tarakimu | Kihispania |
|---|---|---|
| saa moja na nusu asubuhi | 7:30 | las siete y media de la mañana |
| saa tatu kasorobo asubuhi | 8:45 | las nueve menos cuarto de la mañana |
| saa saba mchana | 13:00 | la una de la tarde |
| saa kumi na moja jioni | 17:00 | las cinco de la tarde |
| saa tatu usiku | 21:00 | las nueve de la noche |
| saa nane usiku | 2:00 | las dos de la madrugada |

Mstari wa mwisho ndio unaowakosesha watu ndege. Ukisema «Jumamosi saa nane usiku», wengi wetu tunamaanisha usiku ule ulioanza Jumamosi magharibi. Kwa Mhispania siku imebadilika saa sita usiku, kwa hiyo ni *el domingo a las dos de la madrugada*. Kabla ya kuandika, muulize mwenye ujumbe: ni usiku wa kuamkia lini?

Kama miadi ni ya simu au mkutano wa mtandaoni, taja saa ni ya wapi: *a las 15:00, hora de Nairobi*. Hispania bara iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili majira ya baridi, na saa moja kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Visiwa vya Kanari viko nyuma zaidi kwa saa moja. Guinea ya Ikweta, nchi ya Afrika ambako Kihispania ni lugha rasmi, iko nyuma yetu kwa saa mbili mwaka mzima. Na Argentina iko nyuma kwa saa sita kamili, jambo linaloleta kichekesho kizuri: nambari tunayoitaja kwa Kiswahili ndiyo nambari ya saa ya Buenos Aires. Dar es Salaam ikiwa saa tisa alasiri, Buenos Aires ni *las nueve de la mañana*. Ukiwa na mteja Argentina, unachobadilisha ni sehemu ya siku tu.

«Saa» kwetu ni kifaa pia. Kifaa hicho ni *reloj*, iwe ya mkononi au ya ukutani. *Mi hora está rota* haina maana. Vilevile «saa mbili» inaweza kuwa wakati (*las ocho*) au urefu (*dos horas*). Wanaosema «masaa mawili» kwa urefu hukemewa na walimu wa sarufi, lakini kwa kazi hii wametusaidia: penye «masaa» andika *dos horas*, penye «saa» jiulize mara mbili.

Na kuna «wakati» ambao kwa Kihispania ni *hora*. Wakati wa kula ni *la hora de comer*. Wakati wa kulala, *la hora de dormir*. Kwa ufupi, kila shughuli yenye nafasi yake inayojulikana ndani ya siku huchukua *hora*. Ukitaka kusema imekawia sana na sasa imetosha, ni *ya era hora*.

Hatua ya tatu: muda unaopita

Kama si mara na si saa, bali ni kitu unachoweza kuwa nacho kingi au kichache, sasa ndipo *tiempo* inapoingia. Ni la kiume. *No tengo tiempo*, sina wakati. *Mucho tiempo*, muda mrefu. Hapo angalia: Kiingereza na Kiswahili vyote viwili vinakusukuma kwenye «refu», lakini *tiempo largo* inasikika vibaya. Kihispania huupima muda kwa wingi wake: *mucho, poco, demasiado*.

Rafiki uliyepotezana naye, ambaye kwetu ungemwambia «siku nyingi!», anasalimiwa *¡cuánto tiempo!* Hujatafsiri neno hata moja, ila salamu imefika kama ilivyo.

Muda mfupi usio rasmi, kitambo kidogo cha kukaa na kupiga soga, ni *un rato*. *Espera un rato*, subiri kidogo. *Al poco rato* ni muda si muda. Ukiweka *un tiempo* badala yake, umemwambia mtu asubiri wiki au miezi. Tofauti hiyo ni kubwa na kamusi ndogo haziionyeshi.

Muda uliowekwa kisheria au na ofisi, wa kurudisha fomu au kulipa deni, ni *plazo*. *El plazo termina el viernes*: muda unaisha Ijumaa. Kwenye mikataba na matangazo ya maombi, *tiempo* mahali hapa huonyesha mara moja kwamba mtafsiri ni mgeni.

«Wakati» nayo ina tabia zake. «Wakati mwingine» ikiwa ni pengine hivi, pengine vile, ni *a veces*. Ikiwa ni ahadi ya baadaye, ni *otro día* au *la próxima vez*. Kamwe isiwe *en otro tiempo*, ambayo ni «enzi zile». «Wakati nilipokuwa mtoto» ni *cuando era niño*, au *niña*. «Wakati ninapika» ni *mientras cocino*. Hakuna *tiempo* hata kidogo hapo.

Hatua ya nne: kitenzi kinachobeba muda

Nomino ukishaipata, makosa huhamia kwenye kitenzi. Wasemaji wa Kiingereza «hutumia» muda kama wanavyotumia pesa. Kihispania *huupitisha*: *pasé mucho tiempo con ella*. Kuupoteza ni *perder el tiempo*, sawasawa na kwetu, neno kwa neno. «Kuokoa muda», ambayo wenyewe tuliiazima Kiingereza, isikuvute kwenye *salvar*; sema *ahorrar tiempo*, kuuweka akiba. *Ganar tiempo* ni kuvuta muda, kama timu inayoongoza bao moja na kipa wake ghafla anaumwa mguu.

Jambo likichukua muda, kuna njia mbili. Kwa safari na mtu: *tardo una hora en llegar*. Kwa kazi: *lleva tiempo*. Amerika utasikia *toma una hora*, na ni sawa huko. Na kwa hali inayoendelea, «ninaishi hapa miaka miwili sasa», achana na *tiempo* kabisa: *llevo dos años viviendo aquí*. *He vivido aquí por dos años* inaeleweka, ila inanuka Kiingereza.

Kuwahi kuna sura mbili. *Llegar a tiempo* ni kufika kabla jambo halijaharibika: ulikimbia, ukadaka basi. *Llegar puntual* au *a la hora* ni kufika saa iliyopangwa. Mtu anaweza kuchelewa mkutano dakika kumi na bado akafika *a tiempo* kupiga kura.

Kuburudika, ambako Kiingereza huita kuwa na «good time», hakuna *tiempo*. Hispania husema *pasarlo bien*, Amerika ya Kihispania *pasarla bien*. *Tuvimos un buen tiempo* itafahamika kama jua liliwaka na mvua haikunyesha.

Yaliyobaki, kwa haraka

Zama na enzi ni *época*, au *tiempos* kwa wingi: *en tiempos de mi abuelo*, enzi za babu. Msimu wa ligi au wa maembe ni *temporada*. Kwenye sarufi, *tiempo* ni njeo: *tiempo presente, tiempo pasado*.

Kwenye mpira, kipindi cha kwanza ni *el primer tiempo*. Muda wa nyongeza wa dakika 30 ni *prórroga* Hispania, *tiempo extra* Meksiko, *alargue* Argentina. Zile dakika chache baada ya tisini ni *el descuento*. Ukitafsiri habari za michezo, amua kwanza msomaji yuko nchi gani.

Kupima muda wa mkimbiaji ni *cronometrar*. Ajira ya muda wote ni *a tiempo completo* au *de jornada completa*. Ya nusu siku ni *media jornada* Hispania na *medio tiempo* sehemu nyingi za Amerika. Mmoja baada ya mwingine ni *de uno en uno*.

Mpaka wa muda, «hadi saa tisa», ni *hasta las tres*. Neno hilo Wahispania walilipata kutoka Kiarabu, *ḥattā*, palepale tulipoipata «hata» yetu. Na lina maana zote mbili: *hasta los niños lo saben*, hata watoto wanajua.

Hatua ya tano: hakiki

Kamusi ya Real Academia Española, taasisi ya lugha ya Kihispania, iko wazi bila malipo kwenye dle.rae.es. Usitafute *tiempo* kisha ukafunga. Shuka chini kwenye misemo iliyoorodheshwa baada ya maana, maana ndiko vilipo *a tiempo* na *ganar tiempo*. Tafuta na *vez* na *hora* vilevile. Kisha weka msemo wako wote ndani ya alama za kunukuu kwenye injini ya kutafuta. Ukipata kurasa chache tu, na nyingi ni za maduka yaliyotafsiriwa na mashine, badili msemo.

Mfano mmoja hadi mwisho

Ujumbe wa Kiingereza: «Last time I had no time to call you. What time suits you? Take your time. I have told him three times that the meeting takes a long time, and it is time he came on time.»

Kiswahili chake cha nyumbani: Mara ya mwisho sikupata nafasi ya kukupigia. Saa ngapi inakufaa? Usiwe na haraka. Nimeshamwambia mara tatu kwamba mkutano ni mrefu, na sasa imetosha, awe anafika kwa saa.

Tazama kilichotokea: kati ya «time» nane, zimebaki «mara» mbili na «saa» mbili, na nyingine zimeyeyuka zikawa nafasi, haraka, urefu na «imetosha». Sasa Kihispania:

*La última vez no tuve tiempo de llamarte. ¿A qué hora te viene bien? Tómatelo con calma. Ya le he dicho tres veces que la reunión dura mucho, y ya es hora de que llegue puntual.*

*Tiempo* imetokea mara moja tu. Baada ya *ya es hora de que* kitenzi hubadilika kuwa *llegue*, si *llega*. Ni sawa na ile «awe anafika» yetu, kwa kuwa ni jambo linalotakiwa na bado halijawa. Kama mpokeaji yuko Meksiko, badilisha *te viene bien* iwe *te queda bien*, na *le he dicho* iwe *le dije*. Na kama ni mtu wa kuheshimiwa, *llamarte* inakuwa *llamarle*, *te* inakuwa *le*, na *tómatelo* inakuwa *tómeselo*.